Kamera ya Mtu wa Vakansi

Aline wangu,

Umeenda kanisani kuaga kwaya, na ninavyowajua wanakwaya wale, hawatakuachia mpaka waimbe nyimbo zote na kumaliza fanta zote. Kwa hiyo nimepata nafasi. Solange anaosha vyombo nyuma ya nyumba, jirani amepunguza redio yake kwa mara ya kwanza tangu ahamie hapa, na mimi nimekaa mezani na kalamu. Ninaandika Kiswahili cha shule, kile tulichochapiwa Bukavu nikiwa mtoto. Usinicheke. Mdomoni mimi ni mwingine, kalamuni ni mwingine, lakini mama ni huyo huyo.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za dawa, wala mahali pa kuficha pasipoti ukisinzia kwenye basi la Kigali. Hayo umeambiwa na watu wengi, na nusu yao hata Kigali hawajafika. Nataka kuandika jambo moja ambalo nyumba hii imelizunguka tangu visa yako itoke, kama watu wanaomzunguka mbwa aliyelala mlangoni. Hutarudi. Sote tunasema vakansi, likizo, na ukiulizwa unajibu kwamba ni mwezi mmoja tu, lakini hutarudi. Wewe unajua, mimi najua, na Tantine Béa, shangazi yako wa Ubelgiji, alijua kabla yetu. Ninaliandika kwa sababu nikilitamka mbele yako nitalia, na nikilia utaghairi safari, na mimi sitaki mtoto aliyebaki kwa sababu ya machozi yangu.

Nilijua kwa ile kamera. Acha nikueleze nilivyojua, maana labda wewe unadhani uliificha vizuri.

Unakumbuka ilivyofika, imevikwa soksi ndani ya mfuko wa chokoleti, mikononi mwa yule mgeni aliyetoka Ubelgiji. Ndogo, nyeusi, inaingia kiganjani. Ukibonyeza, lenzi inachomoza kama kobe anayetoa kichwa. Mimi niliuliza kwa nini tantine yako amehangaika, wakati una simu inayopiga picha mpaka chunusi zinaonekana. Tukampigia, ukaweka spika. Béa akacheka kicheko chake kile cha puani, kile kile alichokuwa nacho kaka yake, papa yako.

"Muramu wangu, simu kila muntu iko nayo. Muntu wa vakansi anakuyaka na kamera ku shingo. Muijaribu bien, muiweke mapicha ndani, isionekane mupya sana."

Mimi na akili zangu za soko nikaelewa kwamba anaogopa isije ikawa mbovu, kwamba anataka tuijaribu kabla hujafika mahali pa kuitumia. Nikamsifu kabisa. Nikasema muramu wangu huyu, wifi yangu, ana busara, hata kamera anaipima kabla ya safari kama mimi ninavyopima kitenge kwa mkono kabla ya kulipa. Sasa najua alikuwa anamwandaa mtalii. Huko uwanja wa ndege wataona msichana ana kamera shingoni, wataifungua, watakuta picha za bibi na za ziwa, watasema huyu anapenda kwao, huyu atarudi.

Jumamosi ile tukafanya kama alivyosema. Sijacheka hivyo siku nyingi, Aline, na nakushukuru. Picha ya kwanza ulimpiga Solange, naye kwa kuwa ni binti wa dada yangu marehemu, na dada yangu alikuwa mrefu kama mlingoti, ulimkata shingoni.

"Tantine, kichwa yangu ilibakia wapi?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyekikata.

Kisha ukagundua kile kitu cha kamera kujipiga yenyewe. Ukaiweka juu ya gunia la unga wa muhogo, taa nyekundu ikaanza kupepesa, ukapiga kelele tukimbie. Nyinyi mkakimbia. Mimi na magoti yangu haya, nilipofika mahali pangu mashine ilikuwa imemaliza kazi yake. Mnaonekana nyinyi wawili mmecheka vizuri, na katikati yenu mgongo wangu mpana umefunga kitenge chenye picha za samaki. Nikakuambia uifute upesi, ni aibu.

"Usifute ile, Maman. Acha njo vile."

"Mutu anachungaka mugongo ya mama yake?"

"Acha tu."

Ukazibakiza zote. Ile ya Solange bila kichwa ukaiacha. Ile ya miguu yangu, uliyoipiga kwa bahati mbaya ulipokuwa unatafuta betri inachomekwa wapi, ukaiacha. Nikadhani ni uvivu wako wa siku zote.

Halafu ukataka kujaribu mwanga wake, ukaigeuzia picha ya papa yako pale ukutani. Kioo kikarudisha mwanga wote. Ulipotuonyesha, tuliona fremu, tuliona utepe mweusi, tuliona ukuta na msumari, lakini mahali pa uso palikuwa na weupe mtupu. Ulisema utarudia bila mwanga. Mimi nikasema naenda kuangalia maharage. Hakukuwa na maharage motoni, na Solange alijua, lakini hakunisaliti.

Sijawahi kukuambia habari ya picha ile, na sasa nadhani ni haki yako kuijua, maana umekua ukiisalimia. Umeuliza mara nyingi kwa nini papa anaonekana kama mtu aliyekamatwa. Ni kwa sababu ilitolewa kwenye kitambulisho chake. Unajua desturi yetu, marehemu hatoki nyumbani bila picha kumtangulia mbele ya jeneza. Wewe ndiye uliyeibeba, ulikuwa darasa la pili, mikono yako haikufika pembeni ya fremu. Papa yako alipoanguka na pikipiki hatukuwa na picha yake hata moja, ikabidi wakuze ile ya kitambulisho, mhuri na yote. Ukiangalia vizuri shavu la kushoto utauona ule mstari wa mhuri.

Lakini picha ilikuwepo, Aline. Muda mfupi kabla ya ajali tulikuwa na harusi Giheke, kwa binamu yake. Mpiga picha alizunguka pale kama wanavyozunguka wote, anakupiga bila kukuuliza, anakupiga unatafuna. Kisha akaja sokoni Kamembe na bahasha yake, akazipanga picha juu ya vitenge vyangu, kila mtu achague yake. Kulikuwa na moja ya papa yako ameinua chupa ya fanta, anacheka kwa kinywa chote, pengo lake linaonekana, macho yamepotea. Hakuwa anaangalia kamera. Alikuwa anaangalia upande nilikokaa mimi.

Nikamwambia mpiga picha ile aiondoe.

"Maman, iyi ya mzee uko naiacha? Njo ya muzuri kupita zote."

"Na kinywa wazi vile? Beba yako."

Nilikuwa nimemkasirikia papa yako tangu asubuhi, na kitu kilichonikasirisha nimekitafuta moyoni miaka yote hii sikipati. Nilinunua moja ya bibi harusi, ambaye hata simfahamu sana. Papa yako alipokufa nilikwenda kumtafuta yule mpiga picha na nguo zangu za msiba, nikampata kwenye kibanda chake karibu na kituo cha mabasi. Alinionea huruma kweli. Akanieleza kazi yao ilivyo.

"Zenye hazinunuliwe tunazichomaka, Maman. Bantu hawapendake sura zabo zibakie kwa muntu."

Ni kweli, watu wanaogopa uchawi, ndiyo maana wanazichoma. Sikuwa na la kumlaumu. Tangu hapo nimejifunza kitu kimoja, na nakupa bila mahubiri. Usichague mno uso wa mtu unayempenda. Mchukue na pengo lake, kinywa wazi, siku mliyokosana. Hiyo picha safi unayoisubiri huenda ikatoka kwenye kitambulisho.

Baada ya chakula cha mchana ukasema twende kisiwani Nkombo kwa Koko, bibi yako, ukajaribu kuvuta vitu vya mbali. Nilikwenda kwa sababu ya mama mkwe wangu, si kwa sababu ya kamera, nilijua utataka kumuaga. Tulimkuta anaanika sambaza, dagaa wa ziwani. Ulipomwelekezea mashine alitupa ungo chini, akafunga kitambaa upya, akasimama mikono imenyooka, hakupumua mpaka ulipomaliza. Ukamwonyesha, akaitazama sura yake kwa muda mrefu sana.

"Bantu banakuyaka na mamashini, banatupiga, kiisha banaenda na sura zetu," akasema. "Iyi utaniletea?"

"Nitakuletea, Koko."

"Lini?"

"Nikitoka kule."

Ulijibu haraka mno. Wewe ukiwa na hakika ya jambo unaburuta maneno kama papa yako. Nilisikia, lakini nilijiambia ni upepo wa ziwani.

Kisha tulipokuwa tunarudi kwa boti ukaanza kuvuta milima ya upande wa pili, upande wa Congo, ukaivuta mpaka nyumba za Bukavu zikaonekana madirisha. Ulinionyesha mtaa nilikozaliwa, au mahali tulipokubaliana kwamba ndipo. Tuliposhuka, yule mwanajeshi wa pale pwani alikuwa ametuona. Hakuwa mkali, tuseme ukweli. Alikuwa kijana mwenye adabu.

"Madamu, hapa mupakani hatupige picha. Fungua nione. Iyi ya ng'ambo, futa."

Ukafuta. Tukapanda mpaka barabarani, na nilipogeuka kukuambia tununue mkate, nikakuta unalia. Si machozi ya kuogopa mwanajeshi, hayo nayajua tangu utotoni. Ulikuwa unalia kwa kwikwi, umeshika kamera kifuani.

Aline, milima ile unaiona kila siku ukienda kuteka maji. Umeiona mpaka umeichoka. Mtu atakayerudi mwezi ujao halii kwa sababu ya picha ya milima iliyo mbele ya mlango wake. Nilisimama pale kando ya barabara, pikipiki zinatupigia honi, na mambo yote yakajipanga bila mimi kuyaita. Soksi ya Béa. Picha ya Solange bila kichwa ambayo hukutaka kuifuta. Koko na lini yake. Nilinunua mkate.

Kwanza nilikasirika, lazima ujue hilo pia. Nilikukasirikia kama ninavyowakasirikia wateja wanaofunua bando zima la kitenge na kuondoka. Jumatatu ulipokwenda kuchukua vyeti vyako, nilifungua kabati, nikatoa pasipoti yako kutoka chini ya blauzi. Jiko la makaa lilikuwa linawaka, nilikuwa nimeinjika ndizi. Niliishika muda mrefu. Nilifungua ukurasa wenye picha yako, hata wewe unaonekana kama mtu aliyekamatwa, ni ugonjwa wa ukoo huu. Nilifikiri, ikianguka hapa mara moja, nitasema panya. Hakuna anayeweza kubishana na panya.

Nikajiuliza, nikiichoma, kesho nitamwambia nini mtoto huyu? Una diploma ya maabara, umeipeleka kila mahali mpaka bahasha imechakaa pembeni. Umeuza vocha za simu, umefundisha watoto wa watu, umekaa na mimi sokoni ukakunja vitenge ambavyo wateja wamekuja kuvigusa tu. Biashara ya kuvuka unaiona mwenyewe ilivyo, siku mpaka uko wazi na watu hawana hela, siku watu wana hela na mpaka haueleweki. Wanaume wanaokuja kukuposa wanauliza kwanza Tantine Béa anatuma nini. Sikupata hata sentensi moja ya kukubakiza. Niliirudisha pasipoti mahali pake, na ndizi zikaungua, na mkazila bila kuuliza.

Watu wa kanisa watasema Mungu ana njia. Labda anayo, mimi sijaiona, na usiku sala zangu zimekuwa fupi. Sina matumaini ya kukuona tena, Aline. Nimelisema wazi ili usije ukadhani nilikuwa mjinga niliyesimama kituoni nikipunga mkono kwa furaha. Mimi sitapata visa ya kuja kukutazama, mjane muuza vitenge wataniuliza nina kitu gani cha kunirudisha nyumbani, na nitawajibu nini? Wewe kwenye karatasi zako uliandika kwamba utarudi kwa sababu una mama. Wakakuamini. Uliponisomea sehemu ile nilijisikia mtu mkubwa sana siku nzima.

Sasa nikuambie kosa langu jingine, hili ndilo linaloniuma kuliko la mpiga picha, kwa sababu lile lilichoma karatasi na hili lilichoma mtu.

Béa alipoondoka wewe ulikuwa unatambaa. Naye alikuwa anakwenda vakansi, neno ni lile lile, sisi hatubuni mapya. Tulikuwa marafiki kuliko wifi na wifi. Siku ya kumuaga tulikwenda kwa Koko, tukasali, na mimi kwa sababu niliogopa kumpoteza nikaleta Biblia. Nikauweka mkono wake juu ya Biblia hiyo mbele ya watu wote. Nikamwambia aape. Akaapa kwamba kabla Aline hajaanza kutembea atakuwa amerudi. Kila mtu alipiga makofi. Papa yako peke yake hakupiga, alitoka nje akaenda kutazama nyavu za watu.

Ulitembea. Ukakimbia, ukaanza shule, Béa kimya. Alimpigia papa yako kwa siri, mimi hakunipigia. Nilimsema vibaya sokoni, nilimwita mtu wa kiburi, nilisema Bulaya imemla. Alinipigia siku papa yako alipokufa. Karatasi hakuwa nazo bado, angetoka kule asingeingia tena, kwa hiyo hakuja kumzika kaka yake. Tuliweka simu juu ya jeneza, spika imewashwa, na kilio chake kikasikika pale pale mbao zilipo. Watu wengine walijisikia vibaya, wakageuka.

Baadaye sana ndipo aliponiambia.

"Muramu, minaogopaka kukupigia. Kila nikishika simu, minaona ile Biblia."

Miaka yote ile, Aline. Hakuwa na kiburi. Alikuwa akitafuta siku ya kunipigia akiwa na tarehe ya kurudi mkononi, na tarehe haikuja, na kila mwezi uliopita ulifanya mwezi uliofuata kuwa mgumu zaidi. Mimi ndiye niliyemfungia mlango kwa kiapo, kisha nikakaa ndani nikimtukana kwamba habishi hodi.

Kwa hiyo mimi sikuapishi. Huko kanisani mzee wa kwaya atakuwa amekuombea urudi salama, nawe umesema amina, ni adabu. Kesho kituoni majirani watakuuliza unarudi lini, wajibu mwezi ujao, na mimi nitaitikia ndiyo, mwezi ujao, tutakuwa tumemaliza kuvuna maharage. Tutadanganya pamoja bila aibu, kwa sababu watu wanataka kusikia hivyo, na pia kwa sababu masikio yana miguu. Lakini mimi na wewe tusidanganyane. Usinipigie kila Noeli ukaniambia mwaka ujao, Maman. Nitakuamini, hilo ndilo tatizo langu. Nitaanza kupaka ukuta chokaa.

Nipigie na habari yoyote. Nipigie umefukuzwa kazi ya kufagia. Nipigie umegombana na Béa, mtagombana, nawajua nyote wawili, yeye anapenda kuamuru na wewe ukiamuriwa unakuwa kiziwi. Ukiona aibu, piga simu na aibu yako hivyo hivyo, usingoje ipoe. Usinitumie picha umesimama kando ya gari la mtu. Nitumie umeamka, hujachana nywele, na sufuria lako chafu linaonekana nyuma. Hiyo nitaiamini.

Nakumbuka sasa kwamba picha zote za Jumamosi ziko ndani ya mashine ile, na inaondoka na wewe alfajiri. Umesema utazituma kwa simu. Kama utazituma ni vizuri. Kama hutazituma najua mgongo wangu uko Ubelgiji, na kitenge changu cha samaki, na Koko amesimama mikono imenyooka, na hilo si dogo kwa watu ambao hawatapewa visa.

Kuna jambo moja gumu, na nitalisema mara moja. Mimi nitakufa, si kesho, lakini sukari hii haichezi na magoti haya hayasemi uongo. Siku hiyo itakukuta bila karatasi, ndivyo ilivyomkuta Béa, ndivyo inavyowakuta wote. Watu watakuambia uje, watakuambia mtoto gani huyu asiyemzika mama yake. Usije. Ukija hutarudi kule, na utakuwa umepoteza vyote viwili, kwa sababu mimi sitakuwepo. Wasiweke simu juu ya jeneza langu, nimemkataza Solange. Lia huko uliko, umefunga mlango, umelala upande utakaoutaka wewe. Mimi nitakuwa nimekwisha kuelewa.

Nasikia kwaya wameanza wimbo wa mwisho, wanauimba polepole kwa makusudi. Nimalizie.

Kitanda chako nimempa Solange. Kuanzia kesho analala humo. Alikataa, alilia, alisema tungoje hata mwezi uishe, watu wataona vibaya. Nimekataa mimi pia. Sitaki uwe kule kwenye baridi, umechoka, ukiwaza kwamba kuna kitanda kimetandikwa Kamembe na mama anakikung'uta kila jioni. Hakuna. Lala usingizi wako wote.

Na kama ikitokea, sitarajii, naandika tu kwa sababu mkono umefika hapa, kama siku moja utasimama mlangoni na mfuko wako, umeshindwa au umeshinda, sitauliza, usiulize na wewe utalala wapi. Utalala na mimi. Upande wa papa yako upo.

Nenda, mwanangu.

Maman yako